Kiti Kisichomwona Waziri

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri tu, lakini sheria yake inakataza jina hilo kutajwa karibu na habari isiyofurahisha. Mimi ni raia mtiifu, kwa hiyo nitaiita nchi, basi. Na habari yenyewe si mbaya. Serikali ilishatuhakikishia hivyo kabla hata haijatokea.

Magharibi mwa nchi hiyo kuna bonde linaloitwa Lwamizi, na juu yake, kilimani, ulijengwa Mtambo wa Nuru ya Milele. Ulikuwa mtambo wa nyuklia wa kufua umeme, wa kwanza kwetu. Watu wa Lwamizi waliruhusiwa kuutazama wakati wowote wapendao, ingawa umeme wenyewe ulipita juu ya vichwa vyao kwenye nyaya ukienda mji mkuu. Asubuhi moja ya siku ya gulio mtambo ulinguruma, paa lake likaruka, na mchana kutwa bonde likanyeshewa jivu laini. Lilitua kwenye malisho, visimani, juu ya mafungu ya nyanya na kwenye nywele za watu.

Jioni ile Redio ya Taifa ilitangaza kwamba hakuna kilichotokea, na kwamba kilichotokea kimedhibitiwa. Lile jivu lilipewa jina rasmi, vumbi la msimu. Aliyeendelea kuliita jivu alikaribishwa kituo cha polisi aeleze amejuaje.

Katika bonde hilo aliishi mjane aitwaye Nyamizi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu, na chai ya nusu ya bonde ilipikwa kwa maziwa yake. Binti yake, Kabula, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza kama ilivyo desturi ya kwao, na jivu lilipoanguka mtoto huyo, Masunga, alikuwa hajaota hata jino. Kila asubuhi Nyamizi alimpa bintiye kata ya kwanza ya maziwa, ikiwa bado na povu, ili naye apate maziwa ya kumnyonyesha mwanawe. Alisimama pale pale mpaka kata iwe tupu. Kabula alikuwa akilalamika kwamba anafanywa ndama.

Haukupita muda kuku wakaanza kutaga mayai yasiyo na ganda. Nyuki wakahama. Wataalamu walisema redioni kwamba mayai laini ni rahisi kupika. Nyamizi yeye alianza kufungasha nguo za Kabula na za mtoto. Alitaka kuwapeleka kwa dada yake, Ng'wasi, aliyekuwa akiishi mji wa Makutano, huko reli inakopita, mbali na upepo wa kilimani.

Ndipo alipopata habari kwamba kwenye daraja la kutokea bondeni kumewekwa kizuizi, na askari, na kanuni. Kanuni ilikuwa na huruma sana. Ilisema kwamba mtu ambaye mionzi imemwingia kupita kiwango atasafirishwa na Serikali mpaka mahali salama. Ambaye hajazidi kiwango hana sababu ya kuhama, na kuhama bila sababu ni kueneza hofu. Kwa hiyo kilichobaki ni kupimwa tu, ijulikane nani ana nini ndani yake.

*

Waliokuja kupima waliitwa Tume ya Kuthibitisha Hali Njema. Walifika kwa msafara wa magari meupe, nao wamevaa mavazi meupe ya mpira yaliyowafunika tangu utosini hadi nyayoni. Katibu wa Tume, Bwana Tegemea, alieleza, sauti yake ikitokea ndani ya kofia kama ya mtu aliye kisimani, kwamba hiyo ni sare maalumu ya kuonyesha heshima kwa wenyeji. Walikuwa wamebeba maji yao, vyakula vyao, mkaa wao, na hata kifusi cha kutandaza chini ya hema lao. Bwana Tegemea alisema hawakutaka kuwasumbua wananchi kwa kuitumia ardhi yao.

Kati ya vitu walivyoshusha kulikuwa na kiti. Kilikuwa kiti cha chuma, kizito, chenye mgongo mrefu kama wa kiti cha kinyozi wa mjini, na juu ya mgongo kulikuwa na kioo cha kuonyesha maandishi. Aliyekisimamia alikuwa fundi mmoja mwembamba, Zabdieli, mtu wa kukohoa kila anapotaka kusema jambo. Yeye aliwaeleza watu kwa lugha nyepesi. Vumbi lililo juu ya ngozi, alisema, linaoshwa kwa maji na sabuni, lakini lililoliwa na kunywewa linakaa ndani, kwenye nyama na kwenye mifupa, na huko ndani linaendelea kutoa mionzi. Mtu halioni wala halisikii. Kiti kinalisikia. Alikuwa anataka kuendelea, lakini Bwana Tegemea alimkatiza akisema wananchi wasichoshwe na sayansi.

Wa kwanza kukaa alikuwa mzee Malosha, mchonga mizinga, aliyekuwa na muda mwingi tangu nyuki wahame. Hajakaa sawasawa, kiti kikapiga kengele. Akakaa mwingine, kengele. Akakaa wa tatu, na kengele ikalia mpaka punda wa gulioni wakakata kamba. Bwana Tegemea aliinua mkono akasema kiti kinashangilia kufika Lwamizi, na kwamba zoezi litaendelea kesho, furaha yake itakapokuwa imetulia.

Tume ikaingia hemani kujadili. Waliona kwamba kosa ni la kiti. Kilitengenezwa ughaibuni, hakiwajui watu wetu, na kilikuwa kikipiga kelele kwa kila kisichokizoea. Zabdieli akaagizwa akifundishe mazingira. Akawakalisha wakazi kadhaa, mmoja baada ya mwingine, kengele ikiwa imezibwa kwa blanketi, akachukua wastani wa walichokuwa nacho ndani, kisha akakielekeza kiti kwamba huo wastani ndio sifuri, na hesabu ianzie hapo. Tangu siku hiyo, aliyekuwa na mionzi kama mtu yeyote wa Lwamizi alihesabiwa kuwa hana kitu. Mimi si mtaalamu, lakini sijapata kuona tiba ya haraka kama ile. Bonde zima lilipona kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake kiti kilikuwa kimya. Watu walikaa, kioo kikaandika KAWAIDA, wakainuka. Nyamizi alikaa, KAWAIDA. Kabula alikaa, KAWAIDA. Masunga alishikiliwa juu ya kiti, akakojoa, naye akaandikiwa KAWAIDA. Bwana Tegemea aliwapongeza wote na kuwakumbusha kwamba mtu wa kawaida hana safari.

*

Watu wa Lwamizi ni wakulima na wafugaji, watu wa kuamini wanachoambiwa wakiwa hawana la kufanya. Lakini kengele zile walizisikia kwa masikio yao, na walikuwa wakijiuliza kwa nini furaha ya kiti iliisha ghafla namna ile. Walianza kuwatazama wageni wao kwa pembe ya jicho. Waligundua kwamba mjumbe wa Tume hatoi mkono. Waligundua kwamba akipita karibu na shamba la mihogo anabana pumzi. Waligundua pia kwamba katika watu wote waliokuwa bondeni, ni wajumbe peke yao ambao hawajakikalia kile kiti. Walipoulizwa, walisema ni adabu mwenye nyumba atangulie.

Kisha mzee Malosha akafa. Nywele zilimtoka kwanza, halafu akatapika, halafu akalala bila kuamka. Tume ilisikitika, na ili kuzuia maneno iliomba maiti yake ipimwe kabla ya kuzikwa. Wakamkalisha yule mzee kitini, wakamfunga kwa mkanda asianguke, na kioo kikaandika KAWAIDA. Bwana Tegemea alimpa mjane mkono wa pole kwa mbali, akamwambia ajivune, kwa sababu mumewe amefariki akiwa ndani ya kiwango.

Nyamizi alikuwepo. Aliporudi nyumbani alimkuta Kabula anamnyonyesha mtoto, akasimama mlangoni akimtazama. Kabula alimuuliza kulikoni. Akajibu kwamba hakuna kitu, akatoka nje kwenda kukamua.

Sasa ilikuwa hivi. Bwana Tegemea, ili kuonyesha imani yake, alikuwa ametangaza kwamba Tume itakuwa inakunywa maziwa ya Lwamizi, na Nyamizi alipewa heshima ya kuyapeleka hemani kila asubuhi. Katibu aliyapokea mbele ya watu, akausifu utamu wake akiwa bado amevaa kofia, akaingia nayo ndani. Asubuhi iliyofuata mazishi, Nyamizi hakuondoka mara moja. Alizunguka nyuma ya hema kana kwamba anatafuta kuni. Majani yalikuwa yamegandamana, meupe, yananuka uchachu, na nzi wamejaa. Maziwa yake yote yalikuwa pale, tangu ya siku ya kwanza.

Alisimama akiyatazama. Alichofikiria hakikuwa aibu ya maziwa yake kumwagwa. Alikuwa anaifikiria kata ya kila asubuhi, na jinsi anavyosimama kuhakikisha imeisha.

Alimkuta Zabdieli ameketi peke yake karibu na kiti, anakifuta vumbi. Alimuuliza kwa upole kama mtoto anayenyonya anaweza kuwa ameingiwa na kitu. Zabdieli alikohoa. Akatazama upande wa hema.

"Mama," alisema, "kiti hiki kinasema nilichokiambia kiseme."

"Na wewe ukiwa huna mtu nyuma yako, ungekiambia nini?"

Zabdieli alikiinamia kiti tena. Aliendelea kufuta mahali ambapo palikuwa pameshatakata. Jibu hilo lilimtosha Nyamizi. Kuanzia siku ile maziwa yote ya zizi lake aliyamwaga shimoni, akawaambia wateja wake sababu, na Kabula akalishwa uji wa unga wa ghala la mwaka uliotangulia. Uji ulipikwa kwa maji ya kisimani, kwa sababu hapakuwa na maji mengine.

Habari ya majani meupe nyuma ya hema ilienea bonde zima. Watu wakaacha kwenda kupimwa. Tume ilipiga tarumbeta, ikaahidi pipi, ikatishia faini, lakini kiti kilikaa peke yake juani na mbuzi wakaanza kulala chini yake. Mwishowe, siku moja, wanawake walikwenda mbele ya hema, Nyamizi akiwa mbele, wakamwambia Bwana Tegemea kwamba hawatakalia kile kiti mpaka wamwone mkubwa mmoja wa Serikali amekikalia.

*

Ombi hilo lilifika mji mkuu na kumpendeza sana Mheshimiwa Dionizi Kishindo, Waziri wa Nishati, Utulivu na Shangwe. Mheshimiwa alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Picha yake ilikuwa kwenye madaftari ya shule, kwenye mifuko ya saruji na kwenye pakiti za chumvi. Kuhusu sifuri ya Lwamizi hakujua lolote, kwa sababu katika nchi ile waziri haambiwi jambo ambalo linaweza kumfanya ajue. Akaagiza tukio lirushwe moja kwa moja kwenye televisheni, nchi nzima.

Alitua kwa helikopta, watu wakiwa wamekusanyika uwanja wa gulio. Yeye hakuvaa mavazi meupe, maana yangeficha uso. Nyuma yake walijipanga watu wa kupiga makofi, waliotangulizwa kwa mabasi na kuelekezwa pa kusimama. Alihutubia kirefu. Alisema mionzi ni jambo la kufikirika, kama huzuni. Alisema yapo mataifa yanayotamani kuwa na bonde kama hili. Alisema kwamba yeye, Dionizi Kishindo, mtoto wa mkulima, haogopi kukaa mahali alipokaa mwananchi wa kawaida, ingawa wasaidizi wake walikwisha kukitandika kiti shuka jipya. Kisha akakaa, akaweka mikono magotini, akaigeukia kamera na kutabasamu.

Kioo kilifikiri kidogo, kikaandika: KITI KITUPU.

Wa makofi walianza kupiga, wakaacha. Mheshimiwa hakukiona kioo, kilikuwa juu ya kichwa chake, lakini alikiona kwenye televisheni ndogo ya wapiga picha. Akainuka, akakaa tena, safari hii kwa uzito. KITI KITUPU. Bwana Tegemea alikimbilia kusema kwamba mashine imepigwa na mshangao kwa kupata ugeni mkubwa. Mheshimiwa akamwita fundi.

Zabdieli alisogea. Kwa kiti kile, aliye chini ya sifuri hayupo. Na yule bwana aliyetoka mji mkuu asubuhi ile, aliyekula mkate wa ngano ya nje na kunywa maji ya chupa, alikuwa chini sana ya watu wa Lwamizi. Zabdieli aliyajua hayo yote, na alijua pia kwamba taifa zima linamtazama. Alikohoa.

"Mheshimiwa, kimerekebishwa kulingana na wenyeji. Wewe hakikuoni."

"Hakinioni mimi?" Mheshimiwa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Nchi nzima inaniona. Kirekebishe kinione."

"Kikikuona wewe, Mheshimiwa, kitawaona na wao."

"Na kiwaone. Wananchi wangu wakionekana kuna ubaya gani?"

Zabdieli alimtazama Bwana Tegemea. Bwana Tegemea alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu mpaka kofia ya mpira ikamzunguka, macho yake yakawa hayaoni mbele. Fundi akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa uwanja kwamba amepokea agizo la Mheshimiwa Waziri na analitekeleza. Akainama nyuma ya kiti, akarudisha sifuri mahali ilipozaliwa.

Kioo kikaandika: MTU. SAFI.

Hapo makofi yalipigwa kwa raha. Mheshimiwa alisimama, akawapungia mkono watu wake, akasema sasa kila mwenye macho ameona. Alikuwa bado hajamaliza sentensi hiyo Nyamizi alipojitenga na wanawake wenzake, akapita katikati ya uwanja, na kukaa kitini bila kuomba ruhusa.

Kengele ikalia.

Yeye hakushtuka wala hakuinuka. Alikaa wima, mikono juu ya khanga yake, akaiacha ilie. Wazee waliniambia baadaye kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea jibu la swali aliloliuliza kwa muda mrefu. Alipoinuka alimgeukia binti yake.

Kabula alikuwa amesimama na Masunga mgongoni. Mama yake alipomfikia, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hataki kujua. Alisema kama mtoto ana kitu, kumpima hakutakitoa. Alisema aachwe na neno lile la KAWAIDA, japo la uongo, kwa sababu anaweza kulala nalo.

"Na mimi nataka iwe hivyo, mwanangu," Nyamizi alisema. "Lakini tusipojua tutabaki hapa. Nimekulisha mimi kwa mkono wangu. Usiniache niendelee."

Kabula alilegeza mbeleko, akampa mtoto. Nyamizi ndiye aliyemweka kitini, akamshikia kwapani kwa vidole viwili viwili, kama mtu anayemsimamisha mtoto aone njia. Masunga aliipenda sana kengele. Ilipolia alicheka, akatafuta inakotokea, akapiga miguu. Iliendelea kulia, ikapanda kuliko ilivyompandia bibi yake, na Kabula akakaa chini, pale pale uwanjani, akaufunika uso.

Zabdieli alipiga goti mbele yao. Safari hii hakukohoa. Alisema mwili mdogo unakusanya mengi kwa upesi, lakini pia unaweza kuyatoa upesi ukiacha kuyapata, na kwamba mtoto aondolewe bondeni, leo, wala yeye na mama yake wasile wala kunywa tena kitu cha pale.

Bwana Tegemea alikuwa ameshaivua kofia, mara ya kwanza tangu aje, akipiga kelele matangazo yakatwe. Lakini mpiga picha alikuwa ameagizwa na Waziri mwenyewe asikate kitu, naye alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Ilibidi ipigwe simu mji mkuu, na huko, kwa kukosa njia nyingine, wakazima umeme wa nchi nzima. Viwanda vilisimama, hospitali zikabaki kwenye mishumaa, na Redio ya Taifa iliporudi hewani ikasema Serikali imetoa mapumziko ya umeme kwa wananchi wote.

Lwamizi hawakuathirika kwa sababu hawakuwa na umeme. Kiti kilikuwa kikiendeshwa na jenereta ya Tume. Watu wakajipanga mstari, wakakaa mmoja mmoja, na kengele haikunyamaza mpaka jua linazama. Mheshimiwa alikuwa ameshapanda helikopta. Alipoondoka upepo wa mapanga uliinua vumbi la msimu kutoka ardhini na kuwamwagia upya.

*

Taarifa ya Tume ilitoka upesi. Ilisema kwamba kiti kimepata madhara makubwa kwa kukaliwa na wakazi wa Lwamizi mfululizo, na Serikali, kwa kujali uhai, imeamua kukisafirisha nje ya nchi kwa matibabu. Kilifungwa kwa sufi na kuondoka kwa ndege maalumu, kikisindikizwa na Katibu na wajumbe wawili. Fundi Zabdieli aliitwa mji mkuu kupongezwa. Mpaka ninaposimulia bado anapongezwa, na mke wake haruhusiwi kumwona kwa sababu sherehe haijaisha.

Kuhusu kanuni ya kuwasafirisha waliozidi kiwango, ilifafanuliwa kwamba ilimhusu aliyezidi kiwango cha jirani zake. Hakukuwa na mtu wa namna hiyo.

Nyamizi hakungoja ufafanuzi. Alfajiri ya siku iliyofuata ile ya kengele alifungua zizi. Ng'ombe hawakutaka kutoka. Walisimama wakimtazama, viwele vimejaa, wakisubiri wakamuliwe. Aliwakamua wote, kwa sababu ng'ombe asiyekamuliwa anapata maumivu, akayamwaga maziwa shimoni, akawapapasa mmoja mmoja, akaliacha lango wazi. Kisha yeye na Kabula na mtoto wakashika njia ya darajani. Majirani waliowaona wakipita walichukua walichoweza kubeba wakawafuata, hivyo walipofika darajani nyuma yao kulikuwa na kundi kubwa.

Askari walikuwepo, na bunduki zao, na mti umelazwa kukatiza njia. Amri yao ilikuwa kumzuia kila asiye na ruhusa. Lakini kengele za jana walizisikia wote mpaka pale, na walikuwa vijana wenye wake na watoto. Kundi lilivyosogea, wao walirudi nyuma. Walirudi mpaka wakawa kando ya barabara, kwenye majani, na mti ukabaki peke yake ukiilinda nchi.

Sajenti wao alipaza sauti kutoka kule aliko, akawaamuru wasimame. Walisimama. Akaulizia vibali. Kabula alimvuta mtoto mbele, akamtazama yule sajenti.

"Njoo uangalie," alisema. "Kibali chenyewe ni hiki. Njoo umshike."

Sajenti hakuja. Alitazama bunduki yake, akamtazama mtoto, akawatazama askari wake, ambao walikuwa wakitazama mto. Mwishowe aliwageuzia mgongo, akawaomba tu kwamba wa mwisho akishapita aurudishe mti kama ulivyokuwa, kwa sababu atakaguliwa. Nyamizi akauinua. Wakapita wote. Wa mwisho aliurudisha.

*

Ng'wasi aliwapokea Makutano siku ya tatu, jioni. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini aliposikia yote alikwenda kuteka maji. Aliwaosha nyuma ya nyumba kwa maji ya bomba na sabuni ya kipande, akachoma nguo zao, akamchukua Masunga akiwa bado amelowa na kumlaza kifuani mwake. Nyamizi alimkumbusha alichoeleza Zabdieli, kwamba kilicho ndani ya mtoto kinaendelea kutoa mionzi. Ng'wasi alimwambia akae kimya apumzike.

Majirani wa Makutano hawakuwa kama yeye. Walihamisha ndoo zao bombani. Waliwaita watoto wao ndani Kabula akipita. Hawakuwa watu wabaya. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba Lwamizi ni salama kabisa, na tangazo hilo ndilo lililowatia hofu.

Ramani mpya za nchi zilipochapishwa, mahali pa bonde paliwekwa rangi ya kijani bila maandishi. Nilimuuliza ofisa mmoja maana yake. Aliniambia kijani ni rangi ya matumaini.

Daktari wa hospitali ya misheni pale Makutano hakuwa na kiti, ila alikuwa na njia ya kuupima mkojo kwa kuupeleka mbali, na majibu yalikuwa yakirudi baada ya muda mrefu. Ya kwanza yalikuwa mabaya. Yaliyofuata yalikuwa yamepungua. Ya tatu yalipungua zaidi. Daktari aliwaambia ukweli wote aliokuwa nao, kwamba kinachotoka kinatoka, lakini kilichofanyika huko ndani wakati kilipokuwemo hakuna awezaye kukisoma leo. Labda hakuna kitu. Watajua miaka ijayo.

Nyamizi sasa anauza uji stesheni. Maziwa hagusi, hata ya kopo. Kabula amenenepa kidogo na ameanza kugombana tena na mama yake, jambo ambalo Ng'wasi analiona kuwa ni afya. Na Masunga amepata miguu. Anatembea uani kutwa nzima akifukuza kuku, na anaanguka mara nyingi kama watoto wote wa umri wake. Kila akianguka, mama na bibi yake huacha wanachofanya, wakatazamana kwanza, ndipo mmoja wao huenda kumwinua.